Mwacheni Mpiga Solo Amalize

Kuna mtangazaji wa redio ameniharibia wiki. Nilikuwa saluni, Isevya, kichwa kimenyolewa nusu, redio inapiga Hotel California ya Eagles, bendi ya roki ya Marekani. Beti zikaisha, gitaa la Don Felder likaingia na solo, yaani sehemu gitaa linapoongoza lenyewe bila mwimbaji, na papo hapo jamaa akashusha muziki, akaanza kuwasalimia wasikilizaji wa Nzega, Igunga na Urambo. Salamu zikafuatwa na tangazo la mabati. Kwake yeye wimbo umekwisha, maana mtu ameacha kuimba.

Na haya nayasikia Tabora! Mji wa bendi za dansi: mji wa Kiko Kids, mji wa Nyanyembe Jazz, mji wa Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata. Mwombe mzee yeyote wa Ng'ambo akuimbie nyimbo za wakati ule. Hatakuimbia maneno ya Shem Karenga, mwimbaji wa Tabora Jazz, peke yake. Atakuimbia na gitaa, kwa mdomo, ti-ri-ri-ri, na akifika pale solo inapopanda atafumba macho.

Kipimo changu cha solo ni hicho, iwe ya dansi au ya roki: je, mtu asiyejua kushika gitaa anaweza kuiimba? Na ukiiondoa, je, wimbo unapungukiwa kitu ambacho mwimbaji hakukisema?

Turudi kwa Eagles, mwaka 1976. Mwimbaji anatuacha na mgeni anayetafuta mlango wa kutokea, na anaambiwa hataweza kuondoka kamwe. Hapo maneno yanaisha, lakini yule mtu bado yumo ndani. Anapiga Felder, anajibu mpiga gitaa mwenzake, Joe Walsh, wanapokezana, kisha wanashikana wote wawili na kushuka pamoja, noti kwa noti. Chini yao kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo, ni zilezile za beti, zinazunguka na kuzunguka, na wimbo hauishii popote, sauti inafifia tu ikiwa bado safarini. Yale magitaa ndiyo yanayotuonyesha kwamba mgeni hajatoka. Ukiyakata, umekata mwisho wa hadithi.

Wala si jambo la kubahatisha. Felder ameshasimulia kwamba muziki wa wimbo ule aliutunga nyumbani na kuurekodi kwenye kaseti. Walipofika Miami kurekodi, yeye na Walsh wakataka kubuni solo mpya palepale. Don Henley, mwimbaji wa wimbo ule, akakataa katakata: anataka ileile ya kwenye kaseti. Ikabidi Felder apige simu nyumbani California, mfanyakazi wake wa ndani aitafute kaseti na kuicheza karibu na simu, ili mwenyewe ajifunze upya alichokwisha kukipiga. Bendi nzima ilisimama kwa ajili ya noti hizo, halafu mtu wa redio anaona ni nafasi ya kusomea salamu.

David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd, alipita njia nyingine. Solo ya mwisho ya Comfortably Numb, 1979, aliipiga mara kadhaa, akasikiliza, akachagua vipande bora na kuviunganisha. Husikii kiungo hata kimoja. Anavuta waya mmoja, anauacha ulie, ananyamaza kidogo, ndipo anaendelea. Ule unyamavu naupenda kuliko noti mia. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wetu wa dansi, alikuwa nao pia: sauti yake ikinyamaza, gitaa lake linapokea neno.

Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, katika Bohemian Rhapsody anapiga sentensi chache tu, mwimbaji wao Freddie Mercury, Freddie wetu wa Zanzibar, akishamaliza kumlilia mama yake. Inatosha.

Najua watakaoniletea mpiga gitaa Eddie Van Halen na vidole vyake vya kasi kwenye Beat It ya Michael Jackson. Haya, nakubali, ile ni kali, na mwendo wake unafaa kwa sababu wimbo wenyewe ni wa ugomvi. Lakini mwendo peke yake haunifanyi chochote. Na nyimbo nyingi za sasa hazina hata nafasi ya gitaa kupumua. Hilo sitalijadili leo.

Tumaini langu liko kwenye kwaya. Wapiga solo vijana wa mji huu wako makanisani, na wapo wenye vidole vya ajabu. Ila wengi wanapiga tangu wimbo unaanza mpaka unaisha, juu ya sauti za waimbaji, utadhani wanadaiwa. Kijana, ngoja. Waache akina mama wamalize ubeti. Ile solo iimbe kwanza kwa mdomo ukiwa nyumbani, mara nyingi, mpaka mdogo wako jikoni aidake. Akishaanza kuiimba bila kuombwa, ichukue, nenda nayo Jumapili.