Picha za Dunia kutoka anga za juu: wanaodai dunia bapa wamepatia wapi, wamekosea wapi

Mwanzoni mwa 2012 NASA ilitoa picha ya Dunia yenye Afrika na Bahari ya Hindi, kitovu chake kikiwa baharini jirani na Comoro. Ukiikuza, utaona juu ya maji mistari minne ya wima ya weupe hafifu. Wanaoamini dunia ni bapa huizungushia duara jekundu na kuuliza: jua ni moja, ming'ao minne imetoka wapi?

Swali hilo ni halali, na kulijibu kwa dharau ni makosa. Picha ile haikupigwa na kamera iliyokuwa mahali inapoonekana kupigwa. Setilaiti iliyoipiga, Suomi NPP, iko kilomita 824 tu juu yetu na huona ukanda wenye upana wa kilomita 3,000 hivi. Kila eneo hulipitia karibu saa saba na nusu mchana kwa saa za eneo hilo, kwa hiyo kila ukanda hubeba mng'ao wake wa jua juu ya bahari. Kanda za mizunguko sita zilishonwa, kisha kompyuta ikazichora kana kwamba mtazamaji yuko kilomita 12,700 kutoka ardhini. Picha kama hiyo ya NASA ya 2002 ilikuwa na dosari kubwa zaidi. MODIS, kifaa cha setilaiti kilichoipiga, huacha mapengo kati ya kanda karibu na ikweta, na baadhi ya mawingu yakarudufiwa. Mwenye kusema picha hizi "zimetengenezwa" hajakosea. Anakosea anaporuka kutoka "zimetengenezwa" hadi "zimebuniwa". Ramani ya wilaya nayo hutengenezwa kwa kuunganisha picha nyingi za ndege, na hakuna anayedai wilaya haipo.

Hoja ya pili ni ya ukubwa wa mabara: mbona Afrika ni kubwa katika picha moja na ndogo katika nyingine? Hapa mpira wa miguu unatosha. Mpira wa saizi 5 una nusu kipenyo cha sentimita 11 hivi. Kwa kipimo hicho, Suomi NPP iko sentimita 1.4 kutoka kwenye ngozi ya mpira, na mtazamaji wa kubuni wa picha ya 2012 yuko sentimita 22. Wanaanga wa Apollo 17, wakiwa safarini kwenda Mwezini, walipopiga ile picha maarufu ya Dunia nzima ya Desemba 7, 1972 kwa fremu moja ya filamu, walikuwa kama nusu mita. Kamera ya EPIC kwenye setilaiti ya DSCOVR, iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ingekuwa mita 26.

Chora Afrika kwa kalamu ya wino mzito: kutoka Tunisia hadi ncha ya kusini ni nyuzi 72 hivi za latitudo. Ukitazama kutoka sentimita 22, bara litajaza karibu robo tatu ya kipenyo unachokiona. Kutoka mita 26, chini kidogo ya asilimia 60. Mpira haukubadilika. Ukisogea karibu, kingo zake hujificha nyuma ya mpindo, na kilicho katikati kinatanuka machoni.

Kuhusu nyota kutoonekana katika picha hizi, jibu ni fupi. Dunia iliyoangazwa na jua hupigwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, nyota zinahitaji sekunde kadhaa. Piga picha ya mwezi mpevu kwa 1/250 ya sekunde na ISO 100 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) uone kama kutabaki nyota hata moja.

Kwenye video za kamera zinazopandishwa angani kwa puto, upande wa dunia bapa una nguvu zaidi, na watetezi wa dunia tufe wangefanya vizuri kuacha kuzitumia ovyo. Kamera ndogo za michezo zina lenzi pana inayopinda mistari: upeo wa macho ukiwa juu ya kitovu cha fremu huinuka kama upinde, ukishuka chini yake hulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Sehemu ya kuaminika ni pale upeo unapokatiza katikati kabisa, maana lenzi haipindi mstari unaopita kitovuni. Mpindo halisi ni mdogo kuliko watu wanavyotarajia. Kwa lenzi isiyopinda inayoona upana wa nyuzi 60 na picha ya pikseli 4,000 kwa upana, puto lililo kilomita 35 juu litaonyesha mpindo wa pikseli 55 hivi. Ndege ya abiria kwenye kilomita 11 itatoa kama 30, na dirisha la ndege lenyewe linaweza kuupotosha.

EPIC nayo ina kasoro yake. Hupiga rangi moja moja kupitia vichujio, kisha nyekundu, kijani na buluu huunganishwa. Julai 16, 2015 Mwezi ulipita mbele ya Dunia, na kwa kuwa ulisogea kati ya picha na picha, ukingo wake mmoja ukabaki na ufito wa kijani. Wengine wakaona hila. Mchoraji wa hila angeufuta kwa dakika moja.

Anayetaka kupima mwenyewe asihangaike na picha moja. Asubiri kimbunga katika Ghuba ya Bengal, kisha atafute picha za saa ileile mchana kutoka setilaiti mbili za hali ya hewa: Meteosat ya Ulaya iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 45.5 Mashariki na Himawari ya Japani iliyo nyuzi 140.7 Mashariki. Katika ya kwanza kimbunga kitakuwa upande wa kulia, katika ya pili upande wa kushoto, na katika zote mbili upana wake utakuwa umebanwa kwa zaidi ya theluthi, kuelekea ukingo ulio karibu nacho, kama mchoro ulio pembeni mwa mpira.