Kabati la nyumbani lipimwe nyumbani

Ingia nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta kabati la nguo limeziba nusu ya dirisha, na juu yake mabegi, kapeti lililokunjwa na feni mbovu vimerundikana hadi darini. Nguo zimo ndani, sawa. Lakini gunia la mchele, ndoo, viatu vya shule na vyeti vya kuzaliwa vya watoto havina pa kukaa. Halafu tunalalamika kwamba nyumba ni ndogo, wakati hakuna aliyewahi kuipima.

Ndiyo maana naona mzazi mwenye nafasi ya Jumamosi ajifunze useremala wa masanduku na rafu. Sisemi achonge kitanda cha sita kwa sita au fremu za milango. Hizo waachiwe mafundi wa Keko, hatuwawezi. Rafu nyuma ya mlango, droo chini ya kitanda, kabati la jikoni lenye nafasi ya mtungi wa gesi: hayo yako ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida.

Wapo watakaokwambia utaokoa pesa. Usiwaamini haraka. Ukishanunua drili, msumeno, skurubu, gundi, msasa na vanishi, kabati la kwanza linaweza kukutoka zaidi ya lile la dukani. Faida iko kwenye kulingana na nyumba yako.

Chukua mfano wa sakafu. Kabati nyingi za dukani za kuunganisha mwenyewe ni za chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na sisi tunadeki kwa ndoo ya maji kila asubuhi. Maji yakipenya ukingo wa chini, chipbodi inavimba, na ikishavimba hairudi. Skurubu nayo inabaki kushika unga. Ukiunda mwenyewe unaliinua sanduku kwa miguu ya mbao ngumu, inchi 3 au 4, tambara linapita chini, na mchwa akianza kujenga njia yake unamwona mapema.

Au kona za ukuta. Nyingi hazina pembe mraba, hata zikionekana zimenyooka. Pima futi 3 kwenye ukuta mmoja, futi 4 kwenye wa pili, kisha vuta tepu kati ya alama hizo mbili. Ikisoma futi 5 kamili, kona iko sawa. Ikizidi au ikipungua, umeshajua kwa nini kabati la dukani linaacha upenyo wa kufugia mende. Sanduku lako nalo, kabla gundi haijakauka, lipime kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, lisukume taratibu mpaka vilingane.

Mbao za kuanzia ni paini. Ni laini na inakatika kwa msumeno wa mkono. Nyingi hutoka Sao Hill kule Mufindi. Mninga ni mzuri kwa macho, ila kumpa mwanafunzi ni kuharibu mti. Na chagua mbao zisizo na dawa. Zile za kijani zimetengenezwa kwa ajili ya paa. Dawa yake aghalabu ina aseniki, haifai kukaa jirani na sembe, wala vipande vyake havifai kuwashia jiko. Paini zako zikiwa mbichi, zilaze ndani juu ya vipande vidogo hewa ipite, maana mbao mbichi ikikaukia kwenye kabati lililokwisha itapinda na milango haitafunga.

Kipimo kinachosahaulika kabisa ni cha watu. Anayeshusha sufuria kila siku ni mama au dada wa kazi, si wewe mwenye tepu, kwa hiyo mwambie anyooshe mkono, uweke alama ukutani mkono unapofikia. Mtoto wa darasa la kwanza akiwekewa kulabu usawa wa bega lake, sare ataitundika mwenyewe. Kabati refu lifungwe ukutani kwa chuma cha pembe, kwa sababu watoto hufanya droo kuwa ngazi. Kama umepanga, ongea kwanza na mwenye nyumba kuhusu kutoboa, na unda masanduku mawili ya kupandishana badala ya moja kubwa. Siku ya kuhama mlango hautapanuka.

Kozi fupi za VETA, vyuo vya ufundi stadi, zipo, ukipata muda. Mimi ningeanza kwa fundi wa mtaani: mlipe siku yake, umwambie wazi kwamba hununui kitu, unanunua kuonyeshwa. Wengine watakataa wakidhani unawanyang'anya riziki. Mweleze kwamba milango na kitanda bado ni vyake, na umpe oda hiyo kwanza.