Kabla ya kuniambia kasi, niambie mvua ikinyesha inakuwaje

Nimepanda minara kwa miaka kumi na moja sasa. Kila mwaka huletwa kifaa kipya cha kurusha intaneti bila waya, na kila kifaa huja na tarakimu moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: kasi. Gigabiti kadhaa kwa sekunde. Watu ukumbini wanapiga makofi. Mimi huinua mkono na kuuliza: mvua ikinyesha inakuwaje? Si kwamba nataka kumkwamisha mtu. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama zahanati iliyo bondeni itakuwa na mtandao jioni.

Swali lenyewe nilifundishwa na mlinzi wa mnara. Masika moja nilitumwa milimani Usambara, upande wa Lushoto, kwenye kiungo cha redio, yaani minara miwili inayorushiana intaneti kwa mawimbi, kilichokuwa kikikatika karibu kila jioni. Tulikuwa tumebadilisha redio na kebo, tumekaza boliti za dishi, tumepima umeme wa betri. Kila kitu kizima. Yule mzee akanitazama ninavyohangaika, akasema, "Mwanangu, hicho kifaa hakiumwi. Subiri wingu lile lifike kwenye mikaratusi, utaona mwenyewe."

Nikasubiri. Wingu lilipofika kwenye mikaratusi, taa ya redio ikawa nyekundu. Dakika kumi na mbili baadaye mvua ikapita na taa ikarudi kijani. Kosa halikuwa mnarani, lilikuwa kwenye makaratasi. Aliyekipanga kiungo kile alitumia kiwango cha mvua kisicho cha bonde lile.

Hapa inabidi nieleze kidogo mambo yalivyo, kwa sababu ndipo utamu wa kazi yetu ulipo. Simu yako inaongea na mnara kwa mawimbi marefu kiasi, ya sentimita kadhaa hadi makumi ya sentimita, nayo hayaisumbukii sana mvua. Lakini mnara wenyewe lazima upokee intaneti kutoka mahali fulani. Kama mkongo wa faiba haujafika, mnara hupokea kutoka mnara mwingine, dishi kwa dishi. Kadiri watu wanavyotaka video zaidi, ndivyo tunavyopanda kwenye masafa ya juu zaidi, yaani mawimbi mafupi zaidi, kutafuta nafasi. Siku hizi tumefika kwenye gigahezi 71 hadi 86. Nafasi huko ni tele, lakini wimbi lake lina urefu wa milimita nne hivi. Tone la mvua kubwa nalo lina milimita mbili, tatu, hata tano. Wimbi na tone vinalingana kwa ukubwa, kwa hiyo matone hulinyonya wimbi na kulitawanya kila upande.

Kiasi gani? Sisi tunahesabu kwa desibeli. Kila desibeli kumi zinazopotea zinaacha sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu iliyokuwepo. Mvua ya milimita 100 kwa saa, ambayo kwetu si kioja, hula karibu desibeli 30 katika kila kilomita kwenye masafa hayo. Yaani baada ya kilomita moja tu, kwenye kila sehemu elfu za nguvu uliyorusha, imebaki moja. Redio nzuri hujitahidi: hupunguza mwendo mvua inapoanza, kama dereva wa basi anayeshuka Kitonga, ili isikatike kabisa. Lakini kuna mvua ambayo hata kwa mwendo wa konokono haipitiki.

Ndiyo maana habari ya Kongo ilinisisimua. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto katikati. Ukisimama ukingoni unaona majengo ya mji mkuu wa nchi nyingine. Lakini mto pale una kina na una nguvu, na mkongo wa faiba wa kuiunganisha miji hiyo ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2021 wahandisi wa Taara, waliokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, wakishirikiana na kampuni ya intaneti ya Liquid, walituma data juu ya mto kwa mwanga. Mwanga ule ule unaopita ndani ya nyuzi za faiba, ila safari hii hauna uzi. Umbali ulikuwa karibu kilomita tano, kasi ikifika gigabiti 20 kwa sekunde. Katika siku 20 za mwanzo zilipita terabaiti karibu 700, na walisema kiungo kilikuwa hewani asilimia 99.9 ya muda huo.

Tafakari ugumu wake. Walieleza kwamba vifaa vyao vinaweza kulenga kitu cha sentimita tano kilicho umbali wa kilomita kumi. Ni sawa na kusimama Mwenge, Dar es Salaam, ukalenga kikombe cha kahawa kilichowekwa Posta, usikose hata mara moja, usiku na mchana. Tena mkono wako unatikisika, kwa sababu mnara hautulii. Upepo unausukuma. Jua la asubuhi linachoma chuma cha upande mmoja, kinatanuka, mnara mzima unainama kidogo, na jioni unainama upande wa pili. Hewa yenyewe haitulii pia. Umewahi kuiangalia barabara ya lami saa saba mchana, jinsi hewa juu yake inavyocheza kama maji? Miale ya mwanga inapitia hewa ya namna hiyo, inapindapinda na kumetameta kabla ya kufika. Ndani ya kifaa kuna vioo vidogo vinavyojigeuza bila kupumzika, vikiufuata mwanga wa mwenzake. Mwaka 2025 Taara, ambayo mwaka huo huo ilijitenga na Alphabet, ilionyesha chipu ndogo kama ukucha inayougeuza mwanga bila kusogeza kioo chochote. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwa dhati. Kitu kinachosogea huchakaa, na fundi wa kukirekebisha ndiye huyu anayepanda ngazi za mnara.

Sasa rudi kwenye swali langu. Kwa mwanga, adui mkubwa zaidi ya mvua ni ukungu. Mawimbi ya mwanga huu ni madogo mno, kama sehemu moja na nusu ya elfu ya milimita. Tone la mvua kwake ni jiwe kubwa lililo peke yake uwanjani, na miale mingi hupita pembeni. Chembe za ukungu ni ndogo sana, hazihesabiki kwa wingi, na ukubwa wake unakaribiana na wimbi lenyewe. Ukungu mzito unaweza kula desibeli 100 katika kilomita moja, yaani inabaki sehemu moja kati ya bilioni kumi. Hapo hakuna kioo wala chipu ya kukusaidia. Mvua kubwa nayo huuumiza mwanga, nisidanganye, lakini si kama ukungu. Redio ya milimita nne ni kinyume chake kabisa: ukungu inaupita karibu kama haupo, mvua inaiangusha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kati ya mwanga na redio ipi ni bora, namuuliza wewe uko wapi. Kuvuka mto pale Kinshasa, mwanga ulikuwa jibu zuri. Njombe au Lushoto, mahali ambapo kuna miezi unaamka na humwoni mbuzi wako aliye zizini, kuuweka mwanga peke yake ni kuinyima hospitali mtandao kila alfajiri. Huko ningeweka vyote viwili kwenye mnara mmoja, kimoja kikizimia kingine kishike. Ni gharama, najua. Ni vifaa viwili, umeme wa viwili, na vipuri vya viwili.

Tuitazame na ile asilimia 99.9, maana inasikika kama ukamilifu. Katika siku 20 ni takribani nusu saa ya kukatika. Katika mwaka mzima ni karibu saa tisa. Saa tisa zikisambaa dakika mbilimbili usiku wa manane, hakuna atakayelalamika. Zikija zote katika wiki mbili za masika, saa kumi na moja jioni, wakati wakala wa M-Pesa ana foleni na nesi anatafuta gari la mgonjwa, ni msiba. Asilimia haikuambii ni saa ngapi, na mvua zetu za radi zina saa zake.

Kuna walioona dawa ni kuikwepa ardhi kabisa. Julai 2020, Loon, kampuni nyingine ya Alphabet, na Telkom Kenya walianza kurusha 4G kutoka kwenye maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi angani, yakihudumia eneo la kilomita za mraba karibu 50,000. Niliwaheshimu sana wahandisi wale: puto halina injini ya kulipeleka mbele, linapanda na kushuka kutafuta upepo unaoelekea linakotaka. Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi wote unafungwa, kwa sababu gharama haikushuka kiasi cha kuiwezesha biashara kusimama. Mwanga uliovuka mto Kongo ni mtoto wa maputo hayo, kwani ndivyo yalivyokuwa yakizungumza yenyewe kwa yenyewe.

Setilaiti za chini za Starlink, kilomita mia tano hivi juu yetu, zimefika na zinasaidia, hasa kule ambako mnara hautajengwa leo wala kesho. Lakini mwali mmoja wa mawimbi ya setilaiti unagawanywa kwa wote walio chini yake, kama bomba moja la mtaa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Mjini penye watu wengi, chombo cha mbali kinachomulika eneo kubwa hakiwezi kuchukua nafasi ya mnara wa jirani na faiba ya chini.

Hoja yangu ni hii, na naisema kwa uchungu kidogo. Tunanunua vifaa vya leo kwa vipimo vya mvua visivyotutosha. Kituo cha kawaida cha mvua kwetu husomwa mara moja kwa siku, asubuhi. Kinaandika milimita 40. Kama hizo milimita 40 zilinyesha polepole kwa saa kumi na mbili, kiungo cha masafa ya juu kitapoteza chini ya desibeli tatu kwa kilomita, na hakuna atakayejua. Kama zilishuka zote kwa dakika ishirini, kila kilomita itameza zaidi ya desibeli 30 na mtaa mzima utakatika. Daftarini siku hizo mbili zinafanana. Mpangaji wa mtandao anahitaji mvua ya kila dakika, na kwa sehemu kubwa ya nchi zetu inabidi akisie kwa mifano ya hesabu iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya vipimo vya nchi za baridi.

Kinachoniuma ni kwamba vipimo tunavyo. Kila kiungo cha redio kinajua kimerusha nguvu kiasi gani na kimepokea kiasi gani. Tofauti ikiongezeka ghafla, ni mvua iliyo kati ya minara miwili. Mtafiti Hagit Messer na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 2006, kwamba mtandao wa simu unaweza kupima mvua. Katika mvua za mwaka 2012 watafiti walilijaribu Burkina Faso kwenye kiungo cha kampuni ya simu, na likafanya kazi katika anga ya kitropiki. Sisi tuna maelfu ya minara, kutoka Kigoma hadi Lamu, mingi ikiwa mahali ambapo hakuna kipimo kingine cha mvua. Kampuni za simu zingezipa mamlaka za hali ya hewa kumbukumbu hizo, mkulima angejua mvua iliyomiminika juu ya mto wake saa moja iliyopita, na sisi mafundi tungejua ni bonde gani linataka redio, lipi linataka mwanga. Hakuna kifaa kipya cha kununua. Kinachotakiwa ni makubaliano na mahali pa kuzihifadhi.

Redio ya mnara ule wa Usambara huandika nguvu iliyopokea kila robo saa, na hufuta baada ya siku saba. Niliporudi wiki mbili baadaye kutafuta kumbukumbu za ile jioni ya mikaratusi, hazikuwepo. Mzee alikuwepo, akanitajia siku tatu nyingine zilizokatika tangu niondoke, na saa zake.