Nilivyokosa Rekodi ya Sangara kwa Kusaidiwa

Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo yaliyonipata Ukerewe wakati wa likizo ya mwezi wa sita hayawezi kusingiziwa kutojua hesabu. Nilikwenda huko nikiwa na namba moja kichwani, nimeikariri kama mwanafunzi anavyokariri kanuni usiku wa kuamkia mtihani: kilo 104.32. Huo ndio uzito wa sangara aliyevuliwa kwa fimbo ya kuvulia katika Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, na ndio ulioandikwa kuwa rekodi ya dunia na IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939. Namba hiyo ilikuwa ikiniudhi. Ni kweli kwamba sangara ni mwenyeji wa Mto Nile, na hawa wetu walipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini Ziwa Nasser ni maji yaliyozuiwa na bwawa la Aswan, na sikuona sababu ya ziwa letu lote, pamoja na visiwa vyake, kushindwa na bwawa.

Fimbo niliipata kwa shemeji yangu wa Mwanza, ambaye aliachiwa na mtalii mmoja badala ya deni. Ilikuwa na gurudumu la mshipi linalolia kama cherehani na samaki wa plastiki mwenye macho mekundu, ambaye nahodha niliyemkodi alimgeuzageuza mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuuliza kama sangara wataambiwa ni chakula au watajijua wenyewe.

Usiku wa kuamkia safari nilikaa uani kwa mama mkwe, nikawaeleza nahodha na watu wa nyumba ile masharti ya rekodi, nikitumia sauti ileile ninayotumia darasani. Mvuvi hupambana na samaki peke yake. Mtu mwingine akigusa fimbo, gurudumu au mshipi wakati wa mapambano, rekodi imekufa. Samaki hupimwa nchi kavu, siyo ndani ya chombo, kwa mzani uliohakikiwa ndani ya miezi 12, na uzito wa kamba iliyomning'iniza hutolewa. Zinatakiwa picha za samaki, za mvuvi, za fimbo na za mzani, na pia mita 15 na ushei za mshipi wenyewe, ambazo hutumwa Marekani zikapimwe nguvu. Isitoshe, samaki mkubwa namna hiyo hawezi kumpokonya mwenzake nafasi mpaka amzidi kwa nusu asilimia, yaani kama nusu kilo.

“Sasa mimi nitakuwa nafanya nini, Mwalimu?” nahodha aliuliza.

“Utaendesha mtumbwi, Mzee wangu.”

“Na samaki akikushinda?”

“Utaniangalia.”

“Huo si uvuvi,” alisema. “Huo ni ugomvi wa watu wawili, na majirani wamekaa kimya.”

Ili kulainisha mambo, niliwasimulia habari za George Perry wa Georgia, Marekani, ambaye mwaka 1932 alivua besi, samaki wa maji baridi wa huko kwao, wa pauni 22 na aunsi 4, kama kilo 10, akampima kwenye mzani wa posta, kisha akampeleka nyumbani akaliwa na familia yake. Mjapani Manabu Kurita alivua besi mwingine Ziwa Biwa mwaka 2009, akamzidi yule kwa kama gramu 27. IGFA walimchunguza kwa miezi, wakampima hata kwa mashine ya kugundua uongo, halafu wakatangaza sare, kwa sababu samaki wa kiasi hicho anatakiwa kuzidi kwa aunsi mbili kamili. Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa akichambua mchele bila kuinua macho, aliniuliza swali moja tu.

“Huyo wa kwanza, aliliwa?”

“Aliliwa, Mama.”

“Na wakamkubali?”

“Walimkubali.”

“Basi sawa, baba,” alisema, akaendelea na mchele wake. Leo nikikumbuka sauti ile naona kwamba kila kitu kiliamuliwa pale.

Sangara alikamata saa tatu asubuhi, wakati nahodha akinieleza kwamba kwa migonzo yake, ile mishipi mirefu ya ndoana nyingi, yenye chambo cha visamaki vya furu, angekuwa ameshapata wanne. Fimbo ilipinda hadi ncha ikagusa maji, gurudumu likapiga kelele, na mimi nikaanza kuelekea majini polepole, nimekaa, kama mtu anayevutwa kwa mkeka. Nahodha alivumilia kwa dakika tano hivi. Kisha akanidaka kwa nyuma, akaushika mkanda wa suruali yangu kwa mikono yote miwili, akakanyaga ubavu wa mtumbwi, akavuta. Nilipitisha uamuzi palepale kwamba suruali si kifaa cha uvuvi. Tulikaa hivyo kwa dakika 40, mimi nikimvuta sangara na nahodha akinivuta mimi, na hadi kulabu inaingia kwenye shavu la samaki, suruali ilikuwa imebaki na kifungo kimoja.

Yule samaki alikuwa mrefu kuliko binti yangu wa kidato cha tatu. Nilimpima kwa utepe wa fundi cherehani: inchi 70 urefu, inchi 47 mzingo. Wavuvi wa fimbo wana kanuni yao ya makadirio: mzingo mara mzingo, mara urefu, gawa kwa 800, unapata pauni. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya pakiti ya biskuti, nikapata pauni 193, yaani kilo 88. Nilirudia mara mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya namtoa nje: niliamua kwamba kanuni ina kasoro, nikala biskuti.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, habari ilifika kabla sisi hatujafika. Vijana sita walimbeba sangara na kumpandisha kwenye mzani wa saa wa mnunuzi mmoja, uliokuwa unaning'inia kwenye boriti. Mzani ule mwisho wake ulikuwa kilo 100. Mshale ulizunguka duara lote, ukapita sifuri, ukasimama kwenye sita.

“Sita!” mtoto mmoja alisoma kwa sauti, akapigwa kofi.

“Mia na sita,” nilisema, na miguu ikaniishia nguvu. Wavuvi walinipongeza zaidi kwa kunikumbusha kwamba mzani ule unajulikana kwa kula kilo za watu, hivyo ukisema 106 ujue ni 110. Sikumbuki kama kuna hoja niliyowahi kuikubali haraka namna ile. Nilipiga picha kumi na mbili.

Tatizo likawa stika. Stika ya uhakiki kwenye mzani ule ilikuwa imekwisha muda zamani, hata mwaka haukusomeka vizuri. Nikaagiza samaki apelekwe kivulini kwa mama mkwe, afunikwe magunia yaliyolowekwa maji, na mtu yeyote asimguse; mshipi nikaukata mwenyewe, nikamkabidhi nahodha autunze kama hati ya kiwanja. Kisha nikapanda bodaboda kwenda mjini Nansio, ambako muuza nafaka mmoja alikuwa na mzani wa jukwaa wenye stika ya mwaka huu. Kumshawishi aufunge nyuma ya pikipiki ya magurudumu matatu na kuandamana nami kulinigharimu saa mbili na shilingi 20,000.

Njiani nikafungua picha. Katika ya nne, mshale ukionekana vizuri kabisa kwenye sita, kijana mmoja alikuwa ameshika mkia wa sangara kwa mikono miwili na kuuvuta chini kwa nguvu zake zote, ili samaki aelekeze uso kwenye kamera. Katika ya saba walikuwa wawili.

Tulipoingia uani, mama mkwe alitupokea kwa furaha.

“Karibuni, baba. Mmechelewa, lakini tumeshawasaidia. Ameshaoshwa.”

Sangara alikuwa juu ya majani ya mgomba, mweupe tumboni, amepasuliwa kutoka kooni hadi mwisho. Hapakuwa na matumbo wala mapezi. Kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya jiko ulikuwa umetandazwa mshipi wangu, mita zote 15 na ushei, na katikati yake limefungwa bondo, yaani kibofu cha hewa cha yule sangara, limening'inia, rangi ya maziwa, likichuruzika maji. Nahodha alisimama chini yake na kijiti, akifukuza nzi. Mkwe hagombwi. Nilimwamkia upya, nikashukuru.

Mwenye mzani alisema kwa kuwa amekuja, apime. Kilo 79, bila kichwa kukatwa. Mke wangu, ambaye ndiye aliyeokota pakiti ya biskuti mfukoni mwangu, aliisoma nyuma, akanitazama, akairudisha.

Ndipo akafika mnunuzi wa mabondo akiwa na mzani mdogo wa betri, mwisho kilo tano, wenye stika mpya inayong'aa. Mama mkwe alikunja kanga, akasimama katikati ya uwanja. Aliamuru mzani uwekwe chini, mahali pa tambarare. Aliamuru usomwe ukiwa mtupu. Kamba ya kufungia bondo akaitoa kwanza, akasema kamba hainunuliwi. Aliwaita mashahidi wawili, akamtaka mjukuu apige picha, na nahodha aliponyoosha kidole kuliweka bondo vizuri, alipigwa mkononi.

“Ondoeni mikono!” alisema. “Mtu asiguse kitu hapa mpaka isomeke mara tatu.”

Ilisomeka mara tatu: kilo moja na gramu 140.