Anza na Ngege, Mputa Atakusubiri

Ukitaka mtu auchukie uvuvi wa inzi, mpeleke kwenye maporomoko ya Murchison, mto Nile, siku yake ya kwanza. Mpe fimbo namba 10, mfungie inzi wa bandia mwenye urefu wa sentimita 18 aliyelowa maji, kisha msimamishe juani chini ya maporomoko amtafute mputa, yule ambaye Tanzania wanamwita sangara. Ikifika saa sita mchana bega limekufa ganzi, ndoana imeshamparuza sikio, na samaki hajaonekana. Kibali kakilipia, mashua kailipia, malazi kayalipia. Akirudi Kampala atawaambia wenzake kuwa mchezo ule ni wa wazungu wenye pesa, na mimi sitamlaumu.

Naamini mapenzi ya uvuvi huu, yale yanayomfuata mtu mpaka uzeeni, huanza kwa samaki mdogo aliye karibu na nyumbani, mahali unapoweza kurudi Jumamosi ijayo bila kuuza mbuzi. Hapa Uganda samaki huyo tunaye, na jina lake tunalijua tangu utotoni: ngege, yaani tilapia.

Kwanza tuelewane uvuvi wenyewe ni upi. Katika uvuvi wa mshipi tuliouzoea, chubwi au chambo ndicho kizito, nacho huuvuta mshipi kwenda mbele. Inzi wa bandia ni kitita cha manyoya kwenye ndoana, hana uzito wa kuvuta chochote. Kwa hiyo hapa mshipi wenyewe ndio umefanywa mzito: mita 9 za kwanza za mshipi namba 5 zina gramu 9 hivi, na za mshipi namba 9 zina gramu 15 na nusu. Unachorusha ni mshipi, inzi hufuata tu. Namba ya mshipi lazima ilingane na namba iliyoandikwa juu ya mpini wa fimbo. Wanaoanza huvalisha fimbo namba 8 mshipi namba 5 kwa sababu ndio uliopatikana, kisha hushangaa kwa nini fimbo ni kavu kama mti wa ufagio.

Na anayesema fimbo na ndoana ni mambo ya wageni, arejee aliyoyaandika mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke kuhusu Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, alikofika tarehe 28 Julai 1862: samaki kwa maelfu wakiruka kuyapanda maporomoko, na wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamejipanga juu ya miamba na fimbo zao. Maporomoko yale aliyoyaita Ripon yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, Nalubaale ya leo, kufunguliwa mwaka 1954. Ufito na ndoana havikuzama. Nenda mwalo wowote leo uone watoto wanavua na nini.

Basi tuanze bwawani. Tafuta mfugaji wa samaki anayewalisha ngege kwa punje zinazoelea, muombe ruhusa, na mkubaliane kwamba utalipa kwa kilo kila utakachovua. Nenda saa ya kulisha. Chukua ndoana ndogo, namba 10 au 12, izungushie uzi wa sufu wa kahawia mpaka upate kidonge, kisha kikate kwa mkasi kiwe na ukubwa wa punje ileile, milimita 5 hivi. Kipake mafuta ya mgando kidogo sana ili kielee. Ukipaka mengi, sufu hushikana na kuzama upande mmoja. Mwenye bwawa akishatupa chakula, weka inzi wako katikati ya punje na usimvute. Ngege hadaki kwa fujo. Hufyonza, na utakachoona ni kijipete kidogo juu ya maji. Hesabu moja, ndipo uinue fimbo. Wengi huinua palepale pete inapotokea, na humtoa inzi mdomoni mwa samaki kabla hajaufunga. Ukimshika, mlaze miiba ya mgongoni kwa kiganja kuanzia kichwani kwenda mkiani, la sivyo utarudi nyumbani na vidole vya damu.

Ncha ya nailoni inayounga mshipi na inzi huyo iwe na unene wa milimita 0.18. Kwenye kigurudumu cha nailoni utakuta namba yenye herufi X: toa namba hiyo kwenye 11, utapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. 4X ni 7, na hiyo ndiyo 0.18 yetu. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na joto huidhoofisha mahali pabaya kuliko pote, kwenye fundo.

Lakini kabla ya bwawa kuna uwanja. Hapa ndipo watu hukimbia, na hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Nenda uwanja wa mpira wenye nyasi, si wa murram, maana changarawe huukwangua mshipi mpaka upoteze ulaini wake. Mwisho wa nailoni funga uzi wa sufu badala ya ndoana. Toa mshipi mita 8, uulaze mbele yako uwe umenyooka kabisa, ncha ya fimbo ikiwa chini karibu na nyasi. Anza kuinua taratibu, ongeza mwendo, kisha simamisha mkono ghafla kidole gumba kinapofika usawa wa jicho. Sasa ngoja. Geuza kichwa utazame nyuma, hakuna anayekukataza. Mshipi utajikunjua angani, na unapokaribia kunyooka ndipo uusukume mbele, kwa mtindo uleule: taratibu, haraka, simama ghafla. Kadiri mshipi unavyokuwa mrefu ndivyo kungoja kunavyokuwa kurefu.

Ukisikia mlio wa mjeledi nyuma yako, hukungoja. Kama ungekuwa na inzi angekuwa ameshakatika. Mshipi ukigonga nyasi nyuma, umeulaza mkono mno, na karibu kila mara mkosaji ni kifundo cha mkono kinachokunjika. Funga kitako cha fimbo kwenye mkono wako, juu kidogo ya kifundo, kwa kitambaa kilicholegea, urushe hivyo kwa nusu saa. Kifundo kitajifunza. Ukikuta nailoni ina vifundo vidogo ambavyo hukuvifunga, watu husema ni upepo. Kisababishi ni nguvu iliyowekwa yote mwanzoni mwa kusukuma: ncha ya fimbo huinama, mshipi hupita chini yake na kujikata. Vikate vifundo hivyo mara moja. Fundo la namna hiyo laweza kupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu, na samaki wa kukufundisha hilo huwa ndiye mkubwa kuliko wote.

Dakika 20 kila jioni kwa wiki tatu zinafaa zaidi kuliko Jumapili moja ya kutwa. Mkono ukichoka hufundisha makosa.

Baada ya uwanja na bwawa, mtu aliyenaswa na mchezo huu utamjua kwa jambo moja: anaanza kuokota manyoya. Hiyo ni dalili njema kuliko picha yoyote ya samaki mkubwa. Kufunga inzi kwa mkono ndiko kunakomweka mtu katika uvuvi huu miaka ya ukame, miaka ya kulea watoto, miaka isiyo na nauli. Nairobi kuna mafundi ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakifunga inzi zinazouzwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vidole vya Afrika Mashariki haviwezi.

Kama huna jiliwa dogo la mezani, shika ndoana kwa plaizi na ufunge mipini yake kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Ndoana namba 8. Funga uzi wa cherehani mweusi kuanzia nyuma kidogo ya tundu la ndoana, ukiacha milimita 2 tupu mbele. Wote wanaoanza husahau milimita hizo, na mwishoni hukosa mahali pa kufungia fundo, au huziba tundu. Shuka na uzi mpaka ndoana inapoanza kupinda. Hapo weka mkia: manyoya laini ya kuku, yale ya karibu na ngozi yanayopeperuka kwa pumzi, yenye urefu sawa na shina la ndoana. Yakizidi hapo samaki atauma mkia na kuiacha ndoana. Funga kitako cha unyoya wa shingo ya jogoo, kisha uzi wa sufu wa kijani kibichi uliofumuliwa kwenye sweta ya mitumba. Peleka sufu mbele, ufuatishe unyoya juu yake kwa mizunguko 4 au 5 iliyoachana, ufunge mafundo matatu, udondoshee tone la rangi ya kucha. Inzi huyu ukimvuta polepole majini anafanana na kila kitu na hafanani na chochote, ndiyo maana samaki wengi humla.

Kwa inzi huyo, au kwa ndugu yake mwenye shanga ya chuma kichwani, ndipo umfuate kisinja wa Nile pale Jinja na chini yake, fimbo namba 7 mkononi. Huyu ndiye mwalimu wa kweli wa nchi hii, na nasikitika anavyosahauliwa. Ana ndevu nne mdomoni, hula chini, wadudu, konokono na mimea, na hupenda maji yanayokimbia. Mtafute pale maji ya kasi yanapokutana na maji tulivu, kwenye mstari wa povu. Funga kipande cha sufu ya rangi ya chungwa kwenye nailoni, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji kutoka kwa inzi, ukitazame. Kikisita hata kidogo, nyanyua. Kama ndoana haijakwama chini hata mara moja kwa saa nzima, inzi wako anapita juu ya kichwa cha samaki.

Usiingie majini. Konokono wa kingoni wanabeba kichocho, na mamba hahitaji kuelezwa. Simama mwambani. Na wakati bado tunazungumzia miamba: baada ya Ripon, Bujagali nayo ilizamishwa na bwawa lililokamilika mwaka 2012. Umeme tunauhitaji, sibishani. Lakini kila poromoko linalozama ni darasa la kisinja linalofungwa, na maporomoko ya Kalagala na Itanda yaliyobaki yanastahili watu wa kuyasemea, wakiwamo wavuvi.

Sasa nenda Murchison. Mkono umeiva, macho yanasoma maji, na mputa ana haki ya kukutana na mtu aliyejiandaa. Fimbo namba 10, mshipi unaozama haraka, inzi wa manyoya meupe ya mbuzi kwenye ndoana kubwa, namba 5/0, na mbele yake nailoni nene ya milimita 0.8, kwa sababu mdomo wa mputa unasugua kama msasa na kingo za vifuniko vya matamvua yake zinakata. Kwa ngassa wa Ziwa Albert, samaki mwenye meno makali, hata hiyo haitoshi, weka waya sentimita 25. Hawa wawili usiwainulie fimbo wanapouma: vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, fimbo ikiwaelekea. Mzoefu wa ngege atakosea hapa mara tatu za kwanza. Pata kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, fuatana na askari wa hifadhi, na alfajiri usisimame kati ya kiboko na maji.

Kuhusu kuachia samaki, najua maneno yanayosemwa: chakula hakichezewi. Ni hoja nzito na naiheshimu. Ngege wa bwawani mle, mkaange, ndio maana alifugwa. Mputa mkubwa wa Murchison ni suala jingine, maana majike ndio wanaokua wakubwa zaidi na ndio wenye mayai mengi. Ukiamua kumwachia, mwachie kweli. Bana kijino cha ndoana kwa plaizi kabla ya kuanza. Lowanisha mikono, maana ute wa ngozi ndio kinga yake. Usimning'inize kwa taya ili upigwe picha. Uzito wake mwenyewe huumiza viungo vya ndani. Mshike majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke kwa nguvu zake. Aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa huvimba na huelea tumbo juu. Huyo umemuua hata kama umemwachia, kwa hiyo vua maji ya pembeni.

Kuna jambo moja ambalo humngoja mvuvi wa miaka mingi pale Ziwa Victoria. Siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu, mdudu wa rangi ya maziwa ambaye wanasayansi humwita Povilla adusta hutoka majini usiku kwa makundi makubwa, baada ya kuishi ametoboa mbao na mashina yaliyozama. Funga ndoana namba 8, sufu ya rangi ya maziwa, bawa la unyoya mweupe wa kuku, kisha simama juu ya gati lenye taa inayomulika maji. Tazama kalenda, mwezi ujao unapevuka lini?