Nilinyoosha Waya, Chombo Kikapinda

Mimi ni fundi baiskeli. Nalitanguliza hilo mtu asije akasema nilificha. Kibanda changu kiko Kilifi, upande wa Mnarani, na kwa miaka 11 sijarudishiwa baiskeli hata moja kwa sababu ya cheni. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kuna mzee mmoja wa bara ana mashua ya tanga, ya faiba, futi 28. Ameifunga kwenye boya humu ndani ya kriki, mwenyewe anashinda Nairobi. Mimi namtunzia: naosha, nafua maji ya ngama, yaani yale yanayotuama chini kabisa ndani ya chombo, nafukuza kunguru. Siku moja akanipigia simu. "Usukani unacheza. Naugeuza hivi, chombo hakina habari. Waya zimelegea. Wewe si unajua mambo ya waya?"

Mwanamume akiulizwa hivyo na mwenye pesa, ajibu nini? Nikasema, "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, mzee."

Kabla sijafika mbali, nimtaje Ami. Ami yangu ni nahodha wa Takaungu, wa zamani, aliyebeba boriti za mikoko kutoka Lamu tangu hajaota ndevu. Maisha yake yote ameendesha kwa kana, ule mti wa kushika mkononi. Kana ukiisukuma kushoto, chombo kinakwenda kulia. Ukiisukuma kulia, kinakwenda kushoto. Mkono wake haujui lugha nyingine. Sasa mashua hii haina kana, ina gurudumu kama la matatu. Siku ya kwanza nilipompa ashike, tulizunguka boya letu mara tatu, tukaenda kuzunguka na la jirani. Aliliachia gurudumu akasema hiki si chombo, ni gari lililokosa barabara, na kwamba hata feri iliyokuwa ikivusha watu hapa kabla ya daraja kufunguliwa 1991 ilikuwa na adabu kuliko hiki. Tangu siku hiyo, akipanda, anakwenda kukaa omo, mbele kabisa ya chombo, ametupa mgongo, anatafuna tambuu.

Nieleze na huo mtambo, maana bila hivyo hamtanicheka vizuri. Gurudumu limekaa juu ya nguzo. Ndani ya nguzo mna spoketi, na juu ya spoketi kimelazwa kipande cha cheni, ndugu kabisa wa cheni ya baiskeli. Nilipokiona nilijihisi nyumbani. Kila ncha ya cheni imefungwa waya wa chuma. Waya hizo mbili zinashuka na nguzo, zinapita kwenye makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia waya, zinakwenda mpaka tezi, nyuma ya chombo, na huko zinashika bamba la chuma lenye umbo la robo ya chapati. Bamba limeubana mti wa usukani wenyewe, ule ulioko majini. Ukizungusha gurudumu, waya mmoja unavuta, wa pili unaachia, robo ya chapati inageuka, usukani unafuata. Waya zikirefuka kwa kuvutwa miaka na miaka, unazungusha weee kabla bahari haijapata salamu zako.

Dawa yake ni nati mbili zilizoko kwenye bamba. Unalifunga gurudumu katikati lisitikisike, unakaza nati ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo, hadi ukisukuma kapi kwa kidole lisiteleze chini ya waya. Basi. Usipitilize, maana ukikaza kama kamba ya kuanikia nguo, gurudumu linakuwa zito na makapi yanalika. Lau ningeishia kwenye nati hizo mbili, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini fundi baiskeli hakazi cheni bila kuivua na kuipaka grisi. Ni tabia.

Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilianzia ngamani moja kwa moja. Shimo la tezi lina mlango wa kupita mbuzi, tena mbuzi wa kiangazi, nami nimejaaliwa tumbo. Nikaingia kichwa mbele, miguu ikabaki nje. Kijana wa dada yangu nilimweka juu anipe spana. Namwomba 13, ananipa 17. Namwomba 17, ananiuliza kama nimekufa.

Kuna hila ya kukagua waya: unauviringishia karatasi ya msalani, unaiteleza toka mwanzo hadi mwisho, na palipo na uzi uliokatika karatasi inanasa. Karatasi sikuwa nayo, nikatumia kiganja. Waya ulikuwa mzima isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo nilipagundua mara moja. Vyombo vitatu vya jirani navyo vikapata taarifa. (Waya wa hivyo ni wa kubadilishwa. Nililiandika hilo kwenye orodha ya mzee, nusu kwa kalamu, nusu kwa damu.)

Ndipo chini ya nguzo nikakuta kioja. Waya zimepishana. Wa kushoto unakwenda kulia, wa kulia unakwenda kushoto, kama mtoto aliyevaa viatu kinyume. Nikasikitika kwelikweli. "Unaona?" nikamwambia kijana, yaani niliiambia miguu yangu, maana yeye alikuwa upande huo. "Unaona kazi za mafundi wa mjini? Na mtu alilipwa." Nikazipangua zote mbili, nikazipanga upya: wa kushoto kushoto, wa kulia kulia, zimenyooka kama reli. Nikazitazama kwa muda. Hata picha nilizipiga.

Nikafunga, nikakaza, nikatoka kwa kuvutwa miguu. Nikazungusha gurudumu: laini, halichezi hata kidogo. Kijana nikamwambia achungulie nyuma.

"Usukani unageuka?"

"Unageuka, Mjomba!"

Swali la unageukia wapi halikuulizwa.

Alasiri maji yalikuwa yanajaa, ya bamvua, yale makubwa, upepo wa kusi unapuliza kwa adabu. Nikamwalika Ami aje aone kazi. Akapanda, akanipa mgongo, akaanza tambuu lake. Tukatweka tanga, tukaachia boya.

Mbele yetu, kushoto kidogo, kulikuwa na chombo cheupe kimefungwa. Nikageuza gurudumu kulia tukipishe. Tukaenda kushoto. Nikadhani mkondo. Nikaongeza kulia. Mkondo nao ukaongeza. Tulikipita chombo kile karibu hivi kwamba bibi aliyekuwa akinywa chai juu yake aliinua kikombe kukinusuru.

Mbele zaidi alikuwako mvuvi ndani ya mtumbwi, ameshika mshipi wake, ametulia na Mola wake. Akatuona. "Kulia!" akapiga kelele. "Lete kulia!" Nami nikaleta kulia. Kadiri nilivyomtii ndivyo nilivyomwendea. Akaacha kupiga kelele, akaanza kutoa shahada. Dakika ya mwisho akatusukuma kwa kafi, tukapita, na aliyoyasema kuhusu ukoo wangu siyaandiki hapa, ila naweza kusema anaufahamu ukoo wetu hadi babu wa nne.

Vyombo vya namna hii huwa na kana ya dharura: gurudumu likiharibika, unaichomeka juu ya mti wa usukani, unaokoka. Yetu ilikuwa kibandani. Nilikuwa naikorogea rangi.

"Teremsha tanga!" nikamwambia kijana. Akateremsha bendera.

Basi tukaingia mikokoni. Hatukugonga, hapana, tope la Kilifi lina huruma. Tulipokewa. Matawi yakashika mlingoti, majani yakanyesha, kaa mmoja akadondoka akasimama katikati ya sitaha akitutazama mmoja mmoja, kama askari anayeuliza nani dereva. Ami, kwa kuwa alikuwa omo, ndiye aliyetangulia msituni. Akasogeza tawi lililokuwa usoni, akageuka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

"Tumefika?"

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja maji yatunyanyue. Nusu saa, pengine zaidi; aibu haina saa. Nikateremsha tanga mwenyewe, nikatoa simu, nikamwonyesha Ami ile picha ya waya zilizonyooka. Nikamweleza zilivyokuwa zimepishana, nilivyozitengeneza, na kwamba sasa naona aliyezipishanisha alikuwa na sababu zake.

Alinyamaza muda mrefu. Akatema tambuu majini.

"Kwa hiyo sasa nikilisukuma huku?"

"Kinakwenda kule, Ami."

"Na nikilisukuma kule?"

"Kinakuja huku."

"Kama kana."

"Kama kana, Ami."

Akainuka. Magoti yakalia. Akaja mpaka kwenye gurudumu, akanitazama hadi nikaondoka bila kuambiwa. "Tweka," akasema, mara tu chombo kilipoanza kucheza juu ya maji.

Wallahi nimeishi Kilifi maisha yangu yote sijaona chombo kikipigishwa bisha, kikikata kona dhidi ya upepo, namna ile. Alikitoa mikokoni kinyumenyume, tanga limesukumwa na kijana dhidi ya upepo, akakigeuza, kikashika njia. Alipita katikati ya vyombo viwili vilivyofungwa mahali ambapo mimi nisingepitisha baiskeli. Gurudumu alilishika kwa mkono mmoja, tena kwa juu, kama mtu aliyemshika mjukuu kichwani. Kwa mvuvi alipunguza mwendo, akatoa salamu, akaitikiwa. Mimi nilikuwa nimejilaza sakafuni natafuta spana ambayo haikupotea. Kwenye boya alikielekeza chombo kwenye upepo, kikafa mwendo palepale, na kijana akaliokota boya kama anayepokea chenji.

"Sasa kimetengenezwa," akasema Ami.

Kesho yake nilifika alfajiri na spana zangu kuzirudisha waya zilivyokuwa. Nikamkuta. Sijui nani alimvusha. Amekalia kifuniko cha shimo la tezi, miguu ameikunja, tasbihi mkononi.

"Ami, naomba nafasi."

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri. Ami, mwenye chombo..."

"Mwenye chombo yuko Nairobi."

Simu ikalia. Alikuwa ndiye.

"Vipi, fundi? Usukani bado unacheza?"

"Hauchezi tena, mzee."

"Na unasikia?"

Nikamtazama Ami. Akahesabu tasbihi, punje moja, punje ya pili.

"Unasikia sana," nikasema. Sikutaja unamsikia nani.

"Vizuri. Basi nakuja Ijumaa."