Nisaini kwamba nimeridhika na gari ambalo sijaliona?

Nimepigiwa simu na dada wa kitengo cha madai cha kampuni yangu ya bima, sauti tamu kabisa. Gari langu limekamilika, ila kabla sijakabidhiwa funguo nipite ofisini nisaini hati kwamba nimeridhika na matengenezo na sina dai lingine lolote juu ya ajali ile. Nikamuuliza, "Sasa dada'ngu, nitaridhika vipi na gari ambalo sijaliona?" Hakusita: "Ndiyo utaratibu kaka. Bila hiyo, gereji hailipwi."

Tazameni huo utaratibu. Gereji isipolipwa ni tatizo langu. Gari likiharibiwa mara ya pili na fundi, hilo pia ni langu.

Ajali yenyewe sina haja ya kuisimulia sana. Foleni ya barabara ya Mandela, lori nyuma yangu, daladala mbele yangu, IST yangu katikati. Malizieni wenyewe. Trafiki alikuja, akapima, akachora, na fomu za polisi zikapatikana baada ya nenda rudi za kawaida. Hao leo nawaacha.

Kilichonikaa kooni ni ripoti ya asesa, yule mtathmini wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima. Gari likishaburuzwa gereji, asesa anakuja na simu yake, anapiga picha, anaandika kipi kibadilishwe na kipi kinyooshwe, kipi kiwe kipya na kipi cha mtumba. Kisha wanavutana bei na mwenye gereji. Wakikubaliana ripoti inakwenda kwa kampuni, kampuni inatoa ruhusa, nyundo zinaanza kulia. Asesa ana nakala, kampuni ina nakala, gereji inajua kila mstari. Mimi mwenye gari, niliyelipia bima asilimia 3.5 ya thamani ya gari ya milioni 14, yaani 490,000, na VAT juu yake ikafika 578,200, nilipoomba kuiona nikaambiwa ni nyaraka ya ndani.

Ya ndani ya wapi? Mle ndani hasa si gari langu?

Na humo kwenye ripoti ndimo mambo yote yalimo. Tofauti ya "badilisha" na "nyoosha" kwenye mlango mmoja ni laki kadhaa. Tofauti ya taa mpya na taa iliyochomolewa kwenye gari lingine hivyo hivyo. Ukiwa huna ripoti, fundi akikuambia "hii ndiyo iliyopitishwa" utamjibu nini? Unabaki kutikisa kichwa, unauliza kama rangi imeshakauka.

Basi nikaanzia gereji badala ya ofisini. Na nilikwenda saa sita mchana, kwa sababu rangi ya silva kivulini inadanganya sana. Juani mlango wa nyuma ulikuwa silva yake na fenda silva yake, hawajuani. Kati ya boneti na fenda ya kushoto kidole kilipita bila shida, upande wa kulia hata ukucha haukuingia. Taa moja ilikuwa nyeupe, ya pili ina umanjano wa magari yaliyokaa juani miaka, na ndani yake ukungu wa maji. Kwenye bampa, mahali pa klipu pamefungwa kamba nyeusi ya plastiki, imekatwa vizuri isionekane. Halafu nikatoa kisumaku nilichokibandua kwenye friji nyumbani. Juu ya mlango kilishika. Chini, walipodai wamenyoosha, kilidondoka. Yote ile ni puti, ule mchanganyiko wa kujazia mabonde kabla ya rangi, na sumaku haishiki puti.

Fundi alinitazama akacheka, si kwa ubaya. "Bosi, mimi nimefanya kulingana na hela iliyokuja."

Jibu hilo liliniudhi kwa sababu lina ukweli. Kampuni inaikandamiza gereji kwenye bei ya kazi, kisha inailipa kwa kuchelewa, miezi inapita. Mwenye gereji ana kodi, ana vijana wa kulipa Jumamosi, kwa hiyo anakwenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, kutafuta taa inayofanana fanana. Na nikubali, kwa shingo upande, kwamba kampuni nazo zimeshaumizwa: kuna watu wanagonga kwanza ndiyo wanakata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kuna gereji zinaandika boneti mpya zikanyoosha ya zamani, na sisi wenye magari tuna ile tabia ya kumnong'oneza fundi, "na hii ya nyuma ya mwaka jana nipitishie humo humo." Sawa. Lakini dawa ya wizi ni kunificha mimi karatasi? Ningekuwa nayo, ningekuwa mkaguzi wao wa bure. Hakuna asesa atakayekagua gari langu kwa uchungu kunizidi.

TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wametufungulia mfumo wa kuhakiki stika ya bima kwa simu, na umesaidia, stika feki siku hizi inaumbuka palepale barabarani. Sasa waende hatua moja mbele. Waamuru mwenye gari apewe nakala ya ripoti ya tathmini kabla kazi haijaanza, na hati ya kuridhika isainiwe gereji, mchana, baada ya kuliendesha gari. Hiyo haihitaji semina ya siku mbili hotelini.

Kuhusu makato ya uchakavu, na kiasi cha hasara unachobebeshwa mwenyewe ambacho wakala hukitaja haraka haraka siku ya kukuuzia, nitaandika nikitulia. Na nyie wa bima ndogo ya 118,000, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, mnaonicheka, ombeni tu msigongwe na mtu atakayekana kosa, maana mtafahamiana na makarani wa mahakama.

Hati sikuisaini. Niliandika kasoro zote kwa barua, picha nikaambatanisha, nikagongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Wakinyamaza, faili linakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Ofisi ile ipo kisheria na mlalamikaji hatozwi kitu, ila utaulizwa kama kampuni umeiandikia kwanza. Ndiyo maana muhuri ule nimeutunza kuliko kadi ya gari.

Na kampuni zisiniambie kutuma ripoti ni gharama. Picha mmepiga kwa simu, ripoti imechapwa kwenye kompyuta. Namba yangu mnayo: mwezi ambao bima inakaribia kuisha mnaipigia asubuhi, mchana na jioni. Nitumieni kwa namba hiyo hiyo.